Solo ya Saa za Kazi

Jumatatu ile Mashimba alimnywesha mkewe uji wa ulezi, akamfuta kidevu kwa ncha ya kitenge, akamgeuza ubavu wa kulia ili apate jua la dirishani, kisha akatoka nje na gitaa lake kavu, lisilotumia umeme, na kukaa kwenye kigoda chini ya upenu wa nyumba yao mtaa wa Mabatini. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi tangu kiharusi kimlaze Ng'washi. Alikaza uzi wa kwanza, akaugonga. Haukulia. Akaukaza zaidi, akaugonga tena, akauona unatetemeka vizuri kabisa, uzi wenye afya zake, ila sauti hakuna. Akapiga nyuzi zote sita kwa pamoja. Kuku aliyekuwa akichakura karibu na mguu wake hata hakuinua kichwa.

"Baba Mhoja, leo umechelewa," Ng'washi alisema kutoka ndani. Tangu augue, maneno yake yalitokea upande mmoja wa mdomo, lakini mumewe aliyaelewa yote.

"Nyuzi zinasumbua kidogo, mama Mhoja."

Hazikuwa zinasumbua. Alipokuwa bado anazikagua, Zadok, mwenzake wa bendi, alitokea uchochoroni akiwa na gitaa la besi alilojichongea mwenyewe. Zadok alikuwa mtu wa Musoma, mrefu, mwenye maneno mengi, lakini asubuhi ile alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalipiga besi lake mara tatu bila kusema kitu. Halikulia.

"Hata lako," Mashimba akasema.

"Hata langu. Nadhani ni mambo ya kiwanda."

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha sabuni na mafuta ya pamba, kando ya barabara iendayo Kigongo, nacho kilikuwa kimekabidhiwa kwa mnunuzi Ijumaa iliyotangulia. Mwaka ulikuwa wa tisini na nne, na mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa moja baada ya jingine kama mbuzi wa mnadani. Kwa miaka zaidi ya ishirini kiwanda hicho kilikuwa na bendi yake, Sabuni Jazz, iliyozunguka na lori la kiwanda ikapiga dansi kila palipovunwa pamba. Wapigaji wote walikuwa waajiriwa. Mashimba, mpiga solo, aliandikwa mpakiaji. Zadok aliandikwa fundi bomba, ingawa hakuna aliyewahi kumwona ameshika bomba.

Siku ya pili yake wazee hao wawili walivaa mashati ya kutokea, wakaenda kiwandani kuuliza. Walipokelewa na ofisa kijana aliyetumwa kutoka Dar es Salaam kusimamia makabidhiano. Alikuwa na tai na adabu. Aliwaamkia shikamooni, akasubiri marahaba yao, akawaletea viti na soda.

"Wazee wangu, hakuna kilichoharibika," alisema. "Kiwanda kimeuzwa kama kilivyo. Chochote kilichopatikana humu ndani saa za kazi ni mali ya kiwanda. Mitambo, majengo, sauti. Sauti zenu zipo ghalani, kule zilikokuwa zikiwekwa sabuni. Zipo salama."

"Salama vipi?" Zadok akauliza.

"Mzee, hebu gonga hapo."

Mashimba alikuwa amekuja na gitaa. Aligonga uzi wa kwanza. Pale ofisini palikuwa kimya, lakini upande wa pili wa uwanja, nyuma ya mlango wa bati uliofungwa kwa kufuli, uzi ulilia, safi na mwembamba, vilevile alivyoukaza yeye. Aligonga wa pili, ghala likajibu.

"Mnaona?" ofisa akasema kwa furaha ya kweli. "Haijapotea hata moja."

Wakamshukuru. Mtu akikuheshimu hivyo unamwambia nini? Walimaliza soda zao, wakarudi mjini.

Njiani Mashimba alijilaumu, kwa sababu jambo hilo alilitafuta mwenyewe. Mwaka wa sabini na tatu meneja alitaka bendi ifanye mazoezi jioni, baada ya kengele ya kutokea. Wafanyakazi wakakutana bwaloni. Mashimba akapanda juu ya benchi, akasema kwamba muziki ni kazi kama kuchemsha sabuni, na anayefanya kazi aifanye saa za kazi. Bwalo zima lilishangilia hadi masufuria yakatikisika, meneja akasalimu amri. Tangu siku hiyo Sabuni Jazz haikutunga wimbo wala kujifunza mbano mmoja wa nyuzi nje ya muda wa kiwanda. Wenzao wa bendi nyingine waliwaonea wivu. Mashimba aliringia ushindi huo zaidi ya miaka ishirini, na kila alipolewa aliusimulia upya, benchi likiongezeka urefu kila mara.

Sasa ushindi wake ulikuwa umefungiwa ghalani pamoja na yote mengine. Kanda za bendi walizokuwa nazo watu majumbani zilizunguka bila kutoa kitu. Mashimba alipojaribu kuimba kwa mdomo, midomo ilicheza tu, maana hata kuimba alikuwa ameimba saa za kazi. Alijaribu kutunga wimbo mpya kabisa, wa bure, wa Jumapili. Haukusikika, kwa kuwa vidole vilivyoupiga vilikuwa vilevile vilivyofunzwa kiwandani. Akageuza gitaa, akapiga kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukuwahi kuajiriwa. Hapo sauti ilitoka, ya mtoto anayevuta debe. Ng'washi alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Acha, baba Mhoja," alisema. "Unanitia huruma."

Baadaye akaangalia ukuta, akasema alichokuwa akikisema kila siku tangu nyuzi zinyamaze: "Nataka kuusikia ule wangu. Mara moja tu, nitosheke."

Ule wake ulikuwa wimbo uliobeba jina lake. Mwaka wa pili wa ndoa yao walikuwa wamegombana, Ng'washi akafunga mzigo akarudi kwao Kisesa, na mjomba wake akatangaza kwamba harudi tena kwa mtu wa magitaa. Mashimba hakwenda kubembeleza. Alitunga solo. Aliitunga kiwandani, mchana, wenzake wakipiga ridhimu nyuma yake, na mwezi uliofuata lori la bendi lilipokwenda Kisesa kwenye dansi ya mavuno, aliipiga akiwa amefumba macho. Solo hiyo ilipanda taratibu, ikafika juu, ikasita kidogo kama mtu aliyesimama mlangoni hajui aingie au aondoke, kisha ikashuka yote kwa mkupuo. Ilipomalizika kushuka, Ng'washi alikuwa ameshapanda kwenye lori na mzigo wake. Mjomba hakuambiwa hata kwaheri.

Mtu aliyerudishwa na kitu fulani ana haki ya kukidai. Mashimba alilijua hilo, na lilimkera usiku na mchana.

Mwanzoni walifikiri kumpeleka Ng'washi mwenyewe kiwandani. Watu waliokuwa wakienda kupanda kivuko pale Kigongo walikuwa wameanza kusimama nje ya ua wa kiwanda kusikiliza, kwani Mashimba alipopiga Mabatini, ghala lililia bila kukosea, na wapo waliocheza palepale barabarani na mizigo vichwani. Zadok alitafuta mkokoteni na godoro. Lakini wiki hiyohiyo mnunuzi aligeuza kiwanda kuwa cha samaki. Alihitaji chumba cha baridi cha kulaza minofu ya sangara kabla haijasafirishwa Ulaya, na ghala la sabuni ndilo lililofaa. Wakalizungushia kuta nene za kuzuia joto. Hakuwa na ubaya na mtu. Joto likashindwa kuingia na sauti ikashindwa kutoka, na waliobaki kusikia Sabuni Jazz ni samaki na wafanyakazi waliovaa mabuti meupe.

Mmoja wao alikuwa Dorotea, jirani yao. Kila jioni alipotoka kazini alipita kwa Mashimba na kumpa taarifa.

"Shikamoo mzee. Leo ulipiga vizuri, ila katikati ulikimbia."

"Marahaba. Nilikuwa nauangalia uji, ulitaka kufurika."

"Nilijua kuna kitu. Tulicheza kidogo, miguu ikapata moto."

Ng'washi alisikiliza taarifa hizo kutoka kitandani na hazikumtosha. Nani anashibishwa na habari ya chakula?

Zadok ndiye aliyekuja na wazo. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema. "Sisi mikono yetu imeuzwa. Tutafute mikono ambayo haijawahi kuajiriwa."

Wakapata wanafunzi wawili. Wa kwanza alikuwa Akinyi, fundi cherehani aliyeshona sare za shule kwenye baraza la duka mtaani hapohapo, mwanamke wa miaka kama thelathini kutoka upande wa Shirati. Alijua namna tatu za kubana nyuzi, zote za kwaya, na gitaa alilokuwa nalo liliazimwa kanisani. Wa pili alikuwa Masele, mtengeneza redio, kijana mchangamfu mwenye shati la maua, ambaye hakujua hata namna moja lakini aliona aibu kusema.

Wakawa wanakutana uani kwa Mashimba alasiri, wanne kwa duara, kwa utaratibu wa zamani wa bendi: mwanafunzi hafundishwi kwa maneno, anashika ridhimu pembeni ya wakubwa, anaangalia mikono yao, na kinachomwingia kimemwingia. Zamani mwanafunzi alifunikwa na sauti za wakubwa, akikosea hakuna anayejua. Hapa ilikuwa kinyume. Vidole vya Mashimba vilikimbia, besi la Zadok likatikisika mpaka kwenye magoti yake, na kilichosikika ni Akinyi na Masele peke yao, wakijikwaa. Wapita njia walichungulia juu ya ua, wakawaona wazee wakijipinda kwa nguvu zote, wakatikisa vichwa.

"Jamani, Sabuni Jazz wamezeeka," walisema.

Akinyi alikuwa na macho ya fundi. Alivyotazama mshono ndivyo alivyotazama mkono, na mkono ukikosea aliufumua akaanza upya. Mwezi haukuisha akawa ameshika mwanzo wa solo ya Ng'washi. Siku hiyo alipiga mara ya kwanza vibaya, ikasikika. Mara ya pili afadhali, ikasikika. Mara ya tatu Mashimba aliona vidole vyake vimekaa mahali penyewe hasa, moyo ukamruka, akatega sikio. Hakusikia kitu.

Akinyi aliliinua gitaa, akalitikisa.

"Rudia," Mashimba alisema. Akarudia. Pale alipopatia palikuwa kimya, na pale alipokosea palilia.

Jioni Dorotea alipita. "Shikamoo mzee. Leo kuna mwingine aliingia, mwanzo tu, kisha akatoka. Ana mkono mwepesi."

Wakaelewa. Alichomfundisha Mashimba kilikuwa cha kiwanda, na kilipomwingia mtu sawasawa kilikwenda kule kilikostahili. Kosa tu ndilo lililokuwa lake mwenyewe. Akinyi akauliza kama nyimbo za kwaya zitamwondoka. Wakazijaribu. Zilikuwepo, maana hakujifunza kwa wazee hao. Basi akashika tena gitaa.

Kuanzia hapo solo ya Ng'washi ilisikika pale uani ikiwa na matundu, na kila wiki matundu yalizidi. Mashimba alimfundisha kwa bidii, huku akitamani asielewe. Alipomwona anakaribia kupatia alijikohoza, akaomba maji, akauliza habari za Shirati. Alijichukia kwa hilo. Mwalimu anayeombea mwanafunzi wake akosee amebaki na nini cha kuitwa mwalimu? Lakini Akinyi alizidi kupatia.

Masele naye hakushika chochote. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Masele alirudia, na alisikika kila noti. Kwa kuwa mji mzima hapakuwa na mwingine aliyesikika akipiga mtindo wa Sabuni Jazz, watu wakaanza kumwita kwenye harusi. Alipigia harusi ya Kisesa, akapigia ubatizo, akanunua shati la pili la maua. Alirudi kwa wazee akiwa na sukari na sabuni, kwa heshima zote.

"Wazee wangu, mimi najua sijui," alisema akitazama chini. "Lakini wanaita."

"Nenda, mwanangu," Zadok alimwambia. "Ila usijifunze. Utaharibu."

Hakumaanisha utani, na Masele hakucheka.

Ikafika siku ambapo solo nzima ilikuwa imeshamwingia Akinyi isipokuwa noti moja. Ilikuwa pale juu, mahali wimbo unaposita kabla ya kushuka. Akinyi alikuwa hasiti. Aliiwahi noti ya kushukia, akaipiga mapema, kisha akaendelea na mengine yote barabara. Kwa hiyo mtu aliyekaa uani alimwona anapiga kwa muda mrefu kimyakimya, halafu, ting, noti moja ya haraka, halafu kimya tena mpaka mwisho. Dawa yake ilikuwa neno moja, na Mashimba alikaa na neno hilo kinywani wiki mbili.

Jumapili moja, Akinyi alipotoka kanisani, walimtoa Ng'washi nje, wakamlaza kwenye godoro chini ya upenu. Alikuwa amekonda. Akinyi alipiga, ikaja ile ting yake, ikaisha.

"Hicho ndicho kilichobaki?" Ng'washi aliuliza.

"Ndicho," Mashimba alisema.

"Na hakipo kwenye wimbo wangu."

"Hakipo. Pale wimbo unanyamaza."

Ng'washi alivuta pumzi. "Nimelala hapa nasikiliza makosa ya mtoto wa watu miezi mingapi sasa. Mrekebishe, baba Mhoja."

"Nikimrekebisha hutasikia hata hicho."

"Huyu hajawahi kuingia kiwandani. Hata getini hajafika." Alitafuta mkono wa mumewe, akaushika. "Labda wimbo ukiwa mzima utakataa kwenda. Vipande vinabebeka. Kizima labda ni kizito."

Mashimba hakuamini. Alikuwa amemsikia ofisa kwa masikio yake. Lakini mkono ulioshika wake ulikuwa mwepesi kama wa ndege, naye hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Akamtazama Akinyi. Akinyi alikuwa amesikia yote.

"Mzee, mimi sikuja kujifunza makosa," alisema taratibu. "Niambie."

"Pale juu," Mashimba akasema, "subiri."

Akinyi aliitikia kwa kichwa. Alifuta kiganja kwenye sketi, akakaa sawa, akaanza. Mashimba alifuata vidole vyake kutoka mwanzo, na kila kimoja kilikwenda mahali pake. Vilipanda taratibu. Vilifika juu, vikasita, vikasimama pale mlangoni vilevile, na katika kule kusita Mashimba alihisi kifua chake kinajaa, akaona lori, akaona vumbi la Kisesa, akaona msichana na mzigo wake. Kisha vidole vikashuka vyote kwa mkupuo. Alikuwa hajawahi kufundisha mtu akapatia hivyo. Alitaka kupiga kelele kwa furaha, na alitaka kulia, akabaki amekaa. Nyumba ya pili mtu alikuwa akitwanga. Jogoo aliwika kwa jirani. Zadok alivua kofia.

Ng'washi alikuwa ameinamisha kichwa upande wa sikio lake zuri, macho ameyafumba. Alingoja. Alingoja sana.

"Ameanza?" akauliza.

Mashimba aliviangalia vidole vya Akinyi vilivyokuwa vimetulia juu ya nyuzi.

"Amemaliza."

Ng'washi alifumbua macho. Hakuonyesha kushangaa. Aliiangalia dari ya upenu, akamwangalia Akinyi, akarudi kwa mumewe.

"Kapatia?"

"Kapatia yote."

"Haya," akasema. Midomo ilimcheza kidogo upande ule uliokuwa hai. "Basi mpakulie chakula, atakuwa na njaa."

Mashimba akaingia jikoni. Kulikuwa na ugali na mapanki, yale mafuvu na mifupa ya sangara ambayo kiwanda huwauzia watu wa mtaani baada ya kutoa minofu. Minofu yenyewe ndiyo iliyolala ghalani ikisikiliza, nayo ilikuwa imekwisha panda ndege. Mifupa haikuwa imesikia chochote. Aliweka sahani katikati, Zadok akaleta maji ya kunawa, wakala. Akinyi alichambua nyama kidogo iliyokuwa imesalia shingoni, akawa anamlisha Ng'washi kwa vidole vyake, kipande kwa kipande, akiangalia asije akameza mwiba.